Simanzi ya Mama Agnesi

Nakumbuka siku moja kule Mkunya, kijiji cha juu mlimani, enzi za Mwingereza, nilipojifunza neno ambalo shuleni sikulipata. Shule yenyewe niliikimbia Masasi nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa kijana wa kutangatanga, leo huku kesho kule, na Mama Agnesi alinipa pa kulala nimsaidie kuokota korosho.

Unayajua maji ya kwetu, mwanangu. Wanawake hushuka bondeni alfajiri, kisha hupanda mlima na mitungi kichwani. Mama Agnesi alikuwa na mtungi mdogo kando ya mlango. Akirudi kutoka bondeni aliujaza huo kwanza, na hakuna aliyeugusa. Mimi niliona ni maji ya bure. Siku hiyo nikatoka shambani na vumbi langu, nikayamimina yote miguuni.

Hakunigombeza. Aliketi kizingitini, akautazama mtungi ndani, akaufudikiza. Nikamwuliza kama amekasirika.

"Hapana. Nina simanzi."

Kuuliza ndio ugonjwa wangu. Nikasema, simanzi si huzuni tu?

"Huzuni ina watu wa kulia nawe," alisema. "Simanzi unakaa nayo mwenyewe, unachambua kunde na mawazo yako yako mbali. Yale ni maji ya Baba Agnesi. Mwaka wa nne huu yuko kwenye mashamba ya mkonge. Nikimwekea, najua bado namngoja. Leo nimechoka, mwanangu."

Nilikosa usingizi. Kwamba miguu yangu michafu ndiyo itakayomfanya aache kumngoja mumewe!

Alfajiri nikashuka bondeni, mwanamume peke yangu. Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, "Tazameni, leo mtungi umeota ndevu."

Niliporudi niliuinua mtungi mdogo, nikaujaza mpaka ukafurika, nikampa habari ya ndevu. Akacheka, kisha akarudi kwenye kunde zake. Safari hii sikuuliza kitu. Nilivuta ungo, nikachambua kunde pamoja naye.

Baba Agnesi hakurudi msimu ule, wala uliofuata. Mtungi haukukauka.

Basi, mwanangu, mtu akikwambia ana simanzi, usimwulize nani amekufa, wala usikimbilie kumchekesha. Mpe mkono kazini, ukae. Na neno lenyewe usilitumie kwa kuchelewa kwa chakula.

Mungu akujalie, kila uendako, nyuma yako awepo anayekuwekea maji.