Mbegu Hazikushika

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ana miaka kumi na moja kwenye maabara ya hospitali ya uzazi. Huweka yai la mwanamke na mbegu za mwanamume kwenye kisahani kimoja, kisha kesho yake huchungulia kwa darubini kama yai limerutubishwa. Ameona watoto wengi wa watu wakianza hivyo. Wa kwake hajampata.

Mwaka huu mayai yalikuwa yake. Maabara hairuhusu mfanyakazi kushika kisahani chake mwenyewe, kwa hiyo alikaa kwenye stuli karibu na mlango, mwenzake akachungulia.

"Shoga, niambie tu."

"Zimefika, zimegusa ganda, zikateleza. Hata moja haikushika."

Wifi alielewa kabla daktari hajaeleza. Ganda la yai limesukwa kwa protini, na mbegu lazima ishikwe nazo kwanza ndipo ipenye. Protini za mayai yake zilikuwa na kasoro.

"Kumbe wageni wanabisha hodi na mimi siitikii," alisema. "Miaka yote namlaumu mume wangu bure."

"Kamwombe radhi. Mwezi ujao tutaipenyeza mbegu ndani ya yai kwa sindano."

Alivaa glavu akarudi kazini. Kisahani kilichofuata kilikuwa cha mwanamke mwingine, na mbegu zilikuwa zimeling'ang'ania ganda pande zote. Aliandika kwenye fomu, "Zimeshika," kisha akarudisha jicho kwenye darubini, akakaa hapo mpaka mwenzake akamgusa bega.

"Dada, vingine vinasubiri."