Moshi Nilioupepea Ukumbini

Naona haya hata kuwasimulia. Kikundi chetu cha maigizo hapa Kasongo kilinipa kazi ya kupanga ukumbi kwa mchezo wa wachimba dhahabu wa Salamabila. Nilitaka watazamaji wajione wako shimoni kweli. Nikaziba madirisha kwa maturubai, nikamwaga udongo mbichi sakafuni, na nyuma ya pazia nikawasha majani mabichi. Mama Feza, jirani yangu ambaye mume wake alifukiwa shimoni kule, nilimwalika mwenyewe nikamketisha mbele.

Mchezo ulipoanza, watu wakakohoa gizani. Nikafurahi. Mwanamke mmoja akalia, "Fungueni mulango, tutakufa humu." Nikajiambia, sasa wameingia shimoni. Nikazidi kupepea moshi kwa ungo. Akaanza kumwita mumewe kwa jina. Hata hapo nilidhani nasifiwa.

Amisi, mwigizaji wetu mkuu, akang'oa turubai, kisha akavuta pazia. Mwanga ukanikuta nimechuchumaa na ungo mkononi, bado natabasamu. Mama Feza alikuwa chini, juu ya udongo wangu, anahema. Ukumbi mzima ulinigeukia.

"Kumbe iko wewe," alisema Mama Feza.