Tulivyompeleka Nyambura Ruiru Kupimwa Kusema

Miaka ile ya tisini, Mwalimu Kariuki alikuja kwetu Gatuanyaga kuniambia mjukuu wangu Nyambura, aliyebeba jina langu mimi cucu, yaani nyanya yake, atolewe darasani.

"Nikimuuliza kwa Kiingereza anaangalia chini tu, cucu. Muhula ujao aende bweni, shule ya viziwi."

Kiziwi, huyu asiyeniacha nimalize sala? Kweli, maneno yake wageni hawakuyashika vizuri. Nikasikia chuo kikuu kimoja Ruiru kinaanzisha kozi ya kufundisha watu kutibu matatizo ya kusema kwa lugha mbili, na wanatafuta watoto wa kupima. Nikajifunga leso.

Asubuhi, jirani yetu Njuguna alitubeba kwenye pikapu yake ya kuni. Tulipofika Thika, Nyambura aliuliza juu ya kila moshi wa kiwanda. Njuguna akacheka: "Huyu ndiye kiziwi? Basi mimi ni kipofu, na ninaendesha gari!"

Ruiru, askari Barasa alitufungulia geti. Ndani tulimkuta Daktari Halima, mzaliwa wa Thika, mwenye kuianzisha hiyo kozi, pamoja na mwanafunzi wake Muthoni.

"Wakubwa wa chuo bado hawajatukubalia," Halima akasema. "Wanaona kupima kwa Kiingereza kunatosha. Sisi tunapima kwa Kikuyu, halafu Kiswahili. Shida ikiwa ya ulimi, itaonekana kote."

Muthoni akaanza kwa Kikuyu. Picha ya ng'ombe, sawa. Nyumba, sawa. Kisha akauliza, "Watoto kwenu ni wangapi?" Nyambura kimya. "Na mbuzi?" Macho chini, vile vile alivyosema mwalimu. Muthoni akaweka kalamu mezani. Mimi nikaliona bweni.

Lakini lile swali! "Kwani wewe Muthoni umelelewa na nani?" nikasema. "Kwetu watoto hawahesabiwi, ni mwiko. Mbuzi pia. Unataka waishe?"

Muthoni akashika mdomo. "Uui, cucu! Na vile mama alinichapa kwa hiyo!"

Halima alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi muulize majina."

Hapo mtoto alifunguka kama mfereji. "Tamau! Wairimu! Njoti!" Ndio Kamau na Njoki hao. Akamaliza watoto, akaingia kwa mbuzi. Halima akamwonyesha kuku na kikombe, kwa Kiswahili. Ikawa "tutu", ikawa "titombe".

"Masikio yake mazima, mama," Halima akaniambia. "Sauti moja tu inamsumbua, lugha zote mbili. Hiyo inanyooshwa. Arudi darasani kwake, Muthoni atakuja kwenu Gatuanyaga kumfundisha. Na wewe Muthoni, lile swali litoe."

Nilihisi kama nimetuliwa mzigo wa kuni mgongoni.

Jioni tulirudi Gatuanyaga, Nyambura amelala pajani kwangu. Mwaka uliofuata nilisikia kozi imekubaliwa, na baadaye Muthoni akawa wa kwanza kuhitimu. Nami nilijifunza hili: mtoto akinyamaza, angalia kwanza ameulizwa nini, na kwa lugha gani.

Lakini kabla ya hayo yote, Jumatatu baada ya safari ile, nilimpeleka mwenyewe mpaka kwa dawati lake.

"Mwalimu Kariuki," nikasema, "huyu haendi popote."

Nyambura akakaa.