Paka wetu Sista alichomwa dozi ya mbuzi. Kabla hujamchoma paka wako sindano ya antibiotic, pita hapa kwanza

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Anayetafuta chai aende jikoni. Ninayoandika hapa yalitokea nyumbani kwetu Kibosho, na walioyaona bado wapo hai isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ndiye sababu ya uzi huu.

Jana nimepita jukwaa la mifugo nikakuta mdau anauliza kama anaweza kumchoma paka wake antibiotic ya ng'ombe "kidogo tu". Chini yake watu wanamjibu: choma mkuu, haina shida. Mmoja kamuwekea na emoji ya misuli.

Nimekasirika mpaka mtori wangu umepoa.

Kwanza mnijue. Mimi ni kitinda mimba. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na kihamba, yaani shamba la nyumbani, pamoja na mama, migomba na ng'ombe. Kaka zangu walikwenda Dar kutafuta maisha. Mimi maisha yalinikuta sebuleni. Cheti changu cha form four kimewahi kunisaidia mara moja tu, kuziba dirisha lililopasuka. Safari yangu ndefu kwa wiki ilikuwa kwenda kanisani, na ikinyesha siendi.

Hii ni miaka ya tisini mwishoni. Soko huria limepamba moto. Bwana mifugo wa serikali aliyekuwa anapita nyumba kwa nyumba na pikipiki hapiti tena. Badala yake maduka ya dawa za mifugo yameota kila senta, na la kwetu lilikuwa la jamaa tuliyemwita Dokta.

Hakuwa dokta wa kitu chochote. Alikuwa muuza vipuri vya baiskeli, akanunua koti jeupe.

Paka wetu aliitwa Sista. Mwili kijivu, uso na kifua vyeupe, ukimwona kwa mbali unasema sista wa misheni kachuchumaa. Kazi yake ilikuwa darini, kulinda mahindi tuliyovuna shamba la chini, tambarare. Mshahara wake maziwa. Mama akimaliza kukamua anagonga kikombe cha bati kwenye ndoo, ko ko ko, na Sista anatokea hata kama alikuwa kihamba cha jirani.

Siku moja akarudi anachechemea. Alikuwa amepigana na dume la jirani, likamng'ata paja. Haikupita muda paja likavimba, likawa la moto, akaacha kula.

Tukampa kidonge, akakitema. Tukakificha kwenye dagaa, akalamba dagaa akakiacha kidonge pembeni, kisafi kama kilivyotoka dukani. Mikono yangu ilikuwa imechorwa kucha mpaka kwenye kiwiko.

Mama akasema, "Huyu anakufa hivi hivi tunamtazama. Nenda kamwite Dokta aje amchome sindano."

Kwetu sindano ndiyo tiba. Ukitoka hospitali na vidonge vitupu watu wanakupa pole mara mbili.

Nikaenda. Nikamwambia Dokta mgonjwa wetu ni Sista, paja limevimba. Jamaa akafunga vifungo vyote vya koti.

"Sista yupi, wa parokiani?"

"Wa darini."

"Wa darini?"

"Paka, Dokta."

Akafungua kifungo kimoja. "Mangi, wewe una muda."

Lakini alikuja. Akamwamkia mama kwa heshima, akatoa chupa ya dawa nyeupe kama maziwa, penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, ile ile anayochomwa ng'ombe akivimba kiwele. Kisha akaanza kusoma lebo kwa sauti. Ng'ombe, hivi. Ndama, hivi. Mbuzi na kondoo, hivi. Akaigeuza chupa upande wa pili. Akaigeuza tena.

"Paka hayupo," akasema.

"Hayupo vipi?" mama akauliza.

"Hawakumwandika. Tumweke kwa mbuzi."

Wakuu, hapa someni taratibu. Sote tuliona ni jambo la busara. Ukiishi kwenye migomba maisha yako yote, kila mnyama unampima kwa ng'ombe. Asiyefika ng'ombe ni ndama, asiyefika ndama ni mbuzi. Mimi msomi wa form four nikatia na utani, "Angalia asianze kulia mee." Tukacheka. Sista peke yake ndiye hakucheka.

Dozi ya mbuzi ikaingia kwenye mnyama mwenye uzito wa kuku. Jamaa akarudi kesho yake akachoma tena, na keshokutwa tena.

Uvimbe ulianza kupungua, siwezi kudanganya. Lakini Sista akawa anatembea kama aliyetoka kilabu cha mbege, kichwa upande, miguu inatafuta ardhi. Dokta akasema hiyo ni dawa inafanya kazi.

Jioni mama akagonga kikombe. Ko ko ko.

Sista alikuwa amelala mlangoni pa banda, karibu kabisa, kampa mama mgongo. Mama akagonga tena. Akagonga kwa nguvu mpaka ng'ombe akashtuka. Sista hata sikio halikucheza.

Mama akaweka kikombe chini. "Huyu hasikii," akasema.

Nikavunja rekodi yangu ya kukaa nyumbani. Nilimtia Sista kwenye kikapu nikashuka naye Moshi mjini kwa daktari wa wanyama wa kweli, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na kliniki yake. Alimtazama macho, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, akaniuliza alichomwa nini. Nilipomtajia dawa, kisha nikamtajia kiasi, akavua miwani.

"Mwanangu, mlimchoma paka au mlimchoma mbuzi?"

Jibu lilikuwa mbuzi.

Alinieleza bila kunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sindano si adui. Paka mwenye jipu la kung'atwa, asiyekula na anayetema vidonge, sindano inaweza kumwokoa, maana dawa inaingia yote, haibaki kwenye dagaa. Lakini kidonge ukiona kinamdhuru unaacha kumpa. Sindano ikishaingia huwezi kuichota dawa kutoka mwilini. Wapo wanaopata mzio wakaanguka hapo hapo. Na streptomaisini ikizidi inaharibu sikio la ndani, linalosikia na linalomsimamisha mnyama asiyumbe, na paka ni mwepesi kudhurika nayo. Kwa hiyo dawa inachaguliwa kwa ugonjwa, na kipimo kwa uzito wa paka huyo huyo akiwa juu ya mizani.

Kisha akapasua jipu, akaliosha, akampima, akamchoma sindano ya dawa nyingine. Ilikuwa kidogo sana, nusura nimuulize kama kuna kitu ndani ya bomba.

Kidonda kikapona. Kuyumba kukapungua. Masikio hayakurudi.

Nikaenda kwa Dokta. Alinisikiliza huku anapanga chupa zake.

"Mangi, mliniita kwa ajili ya paja. Paja limepona au halijapona?"

Sijawahi kupiga mtu maishani. Siku ile nilipiga kaunta, nikateguka kidole.

Mama akabuni njia mpya ya kumwita. Alikuwa anakanyaga ubao wa sakafu kwa kishindo, Sista anahisi mtikisiko, anakuja. Tukajua tumeshinda.

Mpaka asubuhi moja pick-up iliyokuja kubeba mikungu ya ndizi ilipoanza kurudi nyuma uani kwetu. Sista alikuwa amejilaza nyuma yake, anaota jua. Tulipomwona gari lilikuwa limeshamkaribia. Mama akaita, mimi nikaita, jirani akaita, dereva akabonyeza honi badala ya breki. Kihamba kizima kilisikia isipokuwa yeye.

Tukamzika mpakani mwa kihamba.

Habari zikafika jumuiya, zikafika senta, na wateja wakaanza kulipita duka la Dokta bila kugeuza shingo. Ndipo akaja nyumbani, kavua koti, kashika jani la isale.

Kwa wasiojua: Mchagga akikuletea isale kuomba msamaha, hukatai. Mama alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, baba. Lakini kwangu usishike sindano tena, hata kwa kuku."

Sasa wakuu, fundisho. Msiulizane dozi ya paka humu jukwaani. Sisi humu wote ni kina Dokta, tumekosa koti tu. Mpeleke kwa daktari wa wanyama aliyesomea, apimwe uzito, uliza jina la dawa na inachodhuru. Akikwambia "tumweke kwa mbuzi", beba paka wako uondoke, usiage.

Wewe mdau uliyeuliza jana, njoo hapa chini utaje uko mkoa gani, humu hawakosekani wa kukuelekeza kliniki. Na wengine semeni yaliyowakuta. Hata wale wa "ni paka tu mkuu" karibuni, leo nina muda.

Na atakayeniuliza kwa nini bado nina hasira wakati msamaha ulishatolewa: jani alipewa mama. Mimi sikupewa.