Mfupa Ambao Ng'ombe Hana

Mimi ni mtu wa pupa, na miaka ile ilinifaa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, na kwetu Kasoli hakuna aliyetulia. Malori yaligombania wakulima, wakulima wakagombania malori, na hata kuku walionekana kuwa na haraka. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Bariadi mjini, kwenye mafunzo ya wiki chache ya wahudumu wa afya wa kijiji, nikiwa na cheti, kisanduku cha bandeji na kichwa kikubwa.

Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja muuguzi, mpole mno. Hakuwa na kiunzi cha mifupa ya binadamu cha kutufundishia, kwa hiyo alituagiza mifupa ya ng'ombe machinjioni. Tuliichemsha kwenye debe, tukaisugua kwa majivu, tukaipanga juu ya mkeka: fuvu, pingili za uti wa mgongo, mbavu, kidari, nyonga, mifupa ya mapaja. Yeye alisoma jina kwenye kitabu chake, sisi tukauinua mfupa wenyewe. Wenzangu walihangaika. Mimi binti wa wafugaji, niliyeshika miguu ya ng'ombe akichunwa tangu sijaanza shule, nilijibu kabla mama wa watu hajamaliza kusoma.

Siku moja akasoma: mtulinga, mfupa mwembamba unaotoka juu ya kidari hadi begani, mmoja kila upande. Tukapekua mkeka mzima, haupo. Kabla hajatueleza, akaitwa nje, na aliporudi tukaingia kwenye mambo ya kuhara na maji ya chumvi na sukari. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Ng'ombe wangapi wamechinjwa mbele ya macho yangu? Nani aliwahi kugawiwa mtulinga? Kitabu kimekosea. Nikaufuta kwenye daftari langu kwa mistari miwili. Mfupa huo mtu anaugusa kwa kidole chake mwenyewe, chini kidogo ya shingo, na mimi hata kidole sikukiinua. Mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira.

Msimu huohuo baba alianguka. Alikuwa juu ya lori, anashindilia pamba kwa miguu, kazi aliyoipenda kwa sababu alikuwa mwepesi na watu walimcheka akicheza huko juu. Dereva alitaka kuwahi kituo kingine, akaondosha gari bila kusema. Baba akaja chini kwa bega la kulia.

Nilifika mbio na kisanduku changu. Alikuwa amekaa mavumbini, ameubeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, bega limeshuka, na kati ya shingo na bega pametokeza kinundu. Watu wakanipisha. Sijawahi kupishwa hivyo maishani. Nikamwona ng'ombe wangu juu ya mkeka: kombe la bega lake limeshikwa na nyama tu, basi na la baba limechomoka, linataka kuvutwa lirudi.

Pale palikuwa na mzee mmoja kutoka Shishiyu, aliyekuja kuuza pamba. Watu walimjua kwa kuunga mifupa. Alichuchumaa, akapapasa kile kinundu taratibu kwa vidole viwili.

“Mayu,” akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, “hapa pana mfupa, nao umekatika. Usimvute. Mfunge mkono shingoni, mumpeleke hospitali.”

“Guku, hapo hakuna mfupa,” nikamjibu babu yule. “Mimi nimesomea.”

Alinitazama, kisha akamtazama baba, kama anayeomba ruhusa ya kubishana. Baba akasema, “Mwache, amesoma huyo.” Alisema kwa fahari, huku meno yakigongana kwa maumivu. Mzee akasimama, akajifuta mavumbi, akaenda zake.

Nikawaambia vijana wawili wamshike kiunoni. Nikaukamata mkono, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Nilisikia kitu kikisaga. Baba alipiga ukelele ambao sikujua kwamba mwanamume mzima anao. “Leka, ng'wana wane, leka!” Niache, mwanangu, niache. Mimi nikavuta tena. Nilivuta mara ya pili, nikiamini nimekaribia.

Nilipoachia, kinundu kilikuwa kimezama na vidole vya baba vilikuwa vimelegea. Akasema hasikii kidole gumba. Ndipo nilipopeleka mkono wangu shingoni mwangu, mbele ya watu wote, nikaukuta mfupa pale, mwembamba, umelala ngozini, na mwenzake upande wa pili.

Lori lilelile lilitupeleka Bariadi. Njiani sikuweza kutulia. Nilisimama nimeshika bomba, nikakaa, nikasimama tena. Daktari aliipitisha mikono yake begani mwa baba, akakunja uso. Alisema mtulinga umevunjika, na ncha yake imesukumwa ndani, imejeruhi mishipa ya fahamu ya mkono. Peke yake usingeingia hivyo.

“Nani alimvuta mzee huyu?”

Nilifungua kinywa. Baba akaniwahi. “Hakuna aliyenivuta. Nilianguka vibaya.” Kisha akaninyooshea kidevu. “Huyu binti yangu ni mhudumu wa afya wa kijiji. Ndiye aliyenileta.”

Daktari akanigeukia, uso wake umelainika. “Umefanya vizuri kumwahisha,” akasema. “Wengine wangemwacha kwa waganga wa kienyeji.”

Nikasema asante.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mkono ule haukupanda tena kupita kifua. Kofia alivaa kwa mkono wa kushoto. Pamba alishindilia mtu mwingine. Mara nyingi nilimfuata uani nimeshaamua kusema, na kila mara alinisikia nikivuta pumzi, akaniuliza habari za watoto.