Vioo kwenye Mvua ya Mpuguso

Profesa wangu alinituma nyumbani kwa sababu ya mvua. Kwenye maabara yetu Dar es Salaam tulikuwa tunatengeneza tabaka jembamba la sola, linalopakwa juu ya kioo kama rangi. Wengi hulitengeneza kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Sisi tulitumia bati. Ubaya wa bati ni kwamba halipatani na unyevu: tabaka linatoka jeusi, hewa ya maji ikiliingia linapauka na kufa.

"Kwenu Rungwe mvua haikatiki," aliniambia. "Likipona huko, litapona popote."

Nikavifunga vioo juu ya paa la jiko la mama, kijijini kwetu Mpuguso, nikidhani nitakaa wiki chache. Kila asubuhi nilipanda ngazi kwenye ukungu na kukuta vingine vimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilivipiga picha, nikaviondoa, nikasubiri vingine vije na basi. Baada ya hapo sikuwa na kazi. Nilikaa dirishani nikitazama migomba ikilowa.

Mama alifurahi mno, na furaha yake ndiyo iliyonibana.

"Kanisani wanauliza kama umefukuzwa kazi," aliniambia siku moja tukimenya ndizi.

"Umewajibuje?"

"Nimesema umerudi."

"Sijarudi, mama. Nimetumwa."

"Haya," akasema, akachukua ndizi nyingine.

Nilifika mahali nikawa naomba vioo vyote vife upesi, niseme imeshindikana, niondoke. Havikufa vyote. Kimoja, ambacho kingo zake nilizipaka gundi mara mbili, kilibaki cheusi tii mvua zilipozidi. Nilimpigia Profesa. Nilijua sasa ataniita.

Alicheka kwa furaha. "Usikiguse. Kiache hapo hadi msimu wa mvua uishe."

"Profesa, huku hauishi."

"Ndiyo maana uko huko."

Nilimweleza mama. Kesho yake alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kipande cha shamba alichokwisha kukifyeka, akanipa jembe.

"Panda viazi," alisema. "Usikae bure."

Nilipanda. Vimeshachanua, na Profesa bado hajaniambia nirudi lini.