Karatasi ya Mbarka

Mbarka binti Salah ndiye aliyewalisha mkate watoto wa mtaa wetu wote, wangu wakiwemo, kwa tanuri yake ya udongo. Hajui kusoma, lakini jaribu kumdanganya uone. Atakusuta mpaka ujute.

Miaka kumi na minne iliyopita mwanawe, Lazhar, aliandamana na wenzake kudai kazi kwenye mgodi wa fosfati. Polisi wakafyatua risasi. Akafia hospitali.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Siku nilipomweleza Mbarka kwamba kuna kamusi elezo mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuandika humo, aliuliza jambo moja tu. "Lazhar yumo?"

Hakuwemo. Ukurasa wa mji wetu ulisema wahuni walivamia kituo cha polisi, wanne wakafa. Nikaandika watano, nikamtaja Lazhar. Hata chai haijapoa, jina limefutwa. Nikalirudisha, likafutwa tena. Jamaa mmoja wa Tunis, mji mkuu, anayejiita Mizani akaniandikia: "Mzee wangu, chanzo kiko wapi? Machozi ya mama si chanzo." Vyanzo vyake yeye ni magazeti ya serikali ya enzi zile, yaliyoandika yalichoamriwa. Mizani gani hiyo? Nilitukana hadi mke wangu akaja kufunga dirisha.

"Wanataka karatasi," nikamwambia Mbarka.

"Karatasi tu? Si ungesema mapema, mwalimu." Akaingia ndani, akatoka na kopo la halua. Humo mlikuwa na karatasi moja yenye mhuri. "Walinipa hospitali siku ile. Nimeitunza nikingoja siku ya haki. Wasomee hao."

Nikaisoma. Nikairudia. Iliandikwa kwamba marehemu aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwao. Chini yake, alama ya dole gumba.

"Soma kwa sauti nisikie, mwalimu."

Nilitamani kumdanganya, Mungu anisamehe. Nikamsomea.

Hakulia. "Nyumba yangu haina ngazi," alisema. Kisha, taratibu: "Waliniambia nitie dole ndiyo wanipe mwanangu nimzike kabla ya magharibi. Sikuuliza wameandika nini. Maiti hawekwi, mwalimu."

"Si kosa lako, Mama Lazhar."

Alikuwa akilitazama dole gumba lake, jeusi kwa masizi.

"Huyo wa Tunis amefuta mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi mimi nilimtangulia kumfuta," alisema, akairudisha karatasi koponi na kulifunika.

Kesho yake hakuwasha tanuri.